Ukuta Kati ya Kisima

Kina mama mnaosomesha watoto nyumbani, na nyinyi ambao jambo hilo bado mnalipanga vichwani, yaliyomfika Bi Mize wa Wawi yasomeni mpaka mwisho kabla hamjaenda kununua chaki. Elimu ni njema, hakuna abishaye. Lakini iko elimu inayoingia kwa macho na iko inayoingia kwa mikono, na hii ya mikono ikishaingia, mama, hakuna kitambaa cha kuifutia.

Ulikuwa msimu wa karafuu, mwaka wa hamsini na nane. Bi Mize alikuwa mtu wa khofu. Si mwoga, la. Mwoga hukikimbia alichokiona. Bi Mize akivikimbia ambavyo havijatokea. Mvua ikinyesha, aliwaita watoto ndani wasije wakapigwa na radi. Jua likiwaka, aliwaita wasije wakapigwa na jua. Nazi ikianguka shamba la tatu, yeye hupapasa vichwa vya wanawe kimoja kimoja. Wanawe walikuwa watatu: Time, msichana wa miaka kumi na moja, mwenye maneno ya mtu mzima, Jaribu, mwanamume wa miaka tisa ambaye mikono yake haikujua kupumzika, na Duni, kitindamimba wa miaka saba, aliyejibu kila alichoulizwa na asiongeze neno.

Basi siku moja lori lililopakia magunia ya karafuu likapinduka kwenye mteremko wa njia ya Chake Chake. Hakuumia mtu. Dereva alitokea dirishani, akajipangusa vumbi, akaomba maji ya kunywa. Lakini njia hiyo ndiyo waliyoipita watoto wa Bi Mize kwenda skuli, na Bi Mize alipofika pale akayakuta magunia yamepasuka, hakuona karafuu. Aliona watoto watatu chini ya magunia. Watoto wenyewe saa hiyo walikuwa darasani, wazima kama vigoda, wakiimba hesabu za mara sita.

"Hawendi tena," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa Ngwali, fundi mwashi, ambaye siku hizo akijenga ghala Mkoani. Akiondoka Jumamosi, akirudi Alkhamisi. Mtu mpole, na kama mafundi wote wazuri, alipima kwanza kabla ya kukata.

"Hawendi wapi?"

"Skuli. Nitawasomesha miye."

"Weye?"

"Miye. Kwani miye sikusoma? Nimefika darasa la nne, Unguja, kwa shangazi yangu. Kusoma najua, kuandika najua, hesabu najua. Kurani wanaisoma chuoni hapa hapa nyuma ya nyumba. Kimebaki nini?"

"Historia," alisema Ngwali.

Bi Mize akakificha kiganja ndani ya kanga. Historia ndiyo iliyomtoa machozi huko Unguja. Mwalimu wake alitaka miaka, na Bi Mize miaka ilimponyoka kama samaki wa mkononi. Alichapwa sana, hata leo akisikia mwaka wowote uliotangulia kuzaliwa kwake, kiganja humwasha.

Ngwali aliuona mkono ukijificha, akapima. "Basi sikiliza, Mama Time. Nakupa mpaka mwezi huu wa mfungo sita umalizike. Ijumaa ya mwisho nitamleta Mwalimu Hija wa skuli yao awatahini hapa hapa uani. Wakijua, wakae nyumbani. Wasipojua, hata ikiwa ni hiyo historia tu, wanarudi skuli, na weye hutasema neno."

"Sitasema."

"Hata lori likipinduka?"

Bi Mize aliitazama njia kwanza. "Hata likipinduka."

Kuanzia siku hiyo khofu ya Bi Mize ikapata tarehe. Hesabu alizifundisha kwa kunde, zikaenda vizuri. Kusoma kukaenda. Historia ikagoma. Aliandika miaka kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, akawasimamisha watoto mbele yake, na Jaribu akalala hali amesimama. Hakuwa na kitabu, na hata angekuwa nacho kingemwasha kiganja. Zilibaki siku tano, na kila akifumba macho alimwona Mwalimu Hija, na nyuma ya Mwalimu Hija aliliona lori.

Hapo ndipo akamkumbuka bibi yake na hadithi zake, akawaita watoto akawasimulia.

Wazee wa Pemba husimulia kwamba zamani sana alikuwako mtawala akiitwa Mkama Ndume, na magofu ya ngome yake yako Pujini mpaka leo, si mbali na Wawi. Husema alikuwa mkali hata akawabebesha raia zake mawe ya kujengea, na akawakataza kusimama. Mawe yakae kichwani, na mtu ajikokote kwa makalio mpaka afike.

"Kwa makalio, mama?" Jaribu alizinduka.

"Kwa makalio."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

Bi Mize hakujua. Macho yake yakaangukia rundo la mawe nyuma ya nyumba. Ngwali alikuwa amelikusanya, akaweka na boriti na kuchimba shimo la chokaa, kwa ajili ya chumba cha pili alichokiahidi tangu Duni hajazaliwa.

"Kutoka pale mpaka jikoni," alisema. "Hebu jaribuni."

Mama mwenzangu, neno hilo "jaribuni" lina miguu. Asubuhi walijikokota watoto watatu. Adhuhuri walikuwa tisa, na alasiri hakuna tena aliyeweza kuwahesabu kwa vumbi. Jaribu alikuwa amesimama juu ya kinu, kashika ubua wa mhogo, akipiga kelele, "Mkama Ndume kasema usinyanyuke!" Na watoto wa Wawi, ambao mama zao wakiwatuma maji ya kunawa hutafuta kisingizio, walibeba mawe yale kwa kupenda kwao, jasho likiwatiririka, wakasema kesho tena.

Jioni mama zao wakaja, kila mmoja ameshika nguo. Mbele alikuwa Bi Mwanapili, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mwema ila khabari haikulala kwake hata usiku mmoja. Alitia mkono ndani ya kaptura ya mwanawe, na vidole vikatokea upande wa pili vikampungia Bi Mize.

"Mize, hii nini?"

"Historia."

"Historia gani inayotafuna nguo za watoto?"

"Ya Mkama Ndume."

"Basi mwambie huyo Mkama Ndume aje ashone!"

Bi Mize aliomba radhi, akatoa uzi na sindano, akashona mpaka vidole vikamwuma. Lakini baada ya Magharibi aliwauliza wanawe somo, na Jaribu, yule yule aliyelala amesimama, akamwaga yote: nani, wapi, mawe ya nini, watu wakahisi vipi. Hili la mwisho alilieleza kwa kina, na akataka kuonyesha pahala penyewe. Bi Mize akacheka mpaka akashika ubavu. Tangu lori lipinduke alikuwa hajacheka. Na hapo ndipo shetani wa ualimu alipompanda kichwani, na huyo, akishapanda, hashuki kwa kombe la kunywa wala kwa moshi wa buhuri.

Jumanne akawapa somo la pili. Akawasimulia kwamba Mkama Ndume huyo huyo alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja. Kila wakikutana kisimani, mitungi ilivunjika. Mtawala akachoka. Akajenga ukuta katikati ya kisima: bi mkubwa ateke upande mmoja kwa ndoo na kamba, bi mdogo ashuke upande wa pili kwa ngazi, na asimwone mwenziwe hata kisigino.

"Ukuta ndani ya maji?" aliuliza Jaribu.

"Ndani ya maji."

"Ulikaaje?"

"Muulize baba yako akirudi, yeye ndiye mwashi."

Lakini Jaribu hakuwa mtu wa kungoja Alkhamisi.

Jumatano Bi Mize alikwenda hitimani Madungu, kwa mjomba wa mama yake, mzee aliyekwisha kula chumvi nyingi na kuondoka kwa amani. Kabla ya kuvaa buibui aliwapanga watoto mbele yake. "Msitoke njiani. Msipande mti. Msiwashe moto. Msiguse kisu. Msimfuate mbwa. Msichungulie kisimani." Aliyakataza yote aliyoweza kuyaogopa, na alikuwa bingwa wa kuogopa. Hakusema msijenge.

Alipofika Madungu, watoto walikuwa wameshalaza boriti mbili za mkoko juu ya mdomo wa kisima. Juu ya boriti, mawe. Juu ya mawe, chokaa. Time alichota, Duni akapitisha, Jaribu akapanga, kwa mwiko wa baba yake, uzi wa baba yake na timazi ya baba yake. Ilipofika adhuhuri kisima cha Bi Mize kilikuwa kimegawanywa nusu kwa nusu na ukuta wa kimo cha kifua cha Duni. Upande wa bi mkubwa palikuwa na ndoo na kamba. Upande wa bi mdogo palikuwa na ngazi nne za mawe, ila zilipanda badala ya kushuka, maana mama alikataza hata kuchungulia kisimani, sembuse kushuka, na wao walikuwa watoto wasikivu.

Wakati Jaribu anakosha mwiko mtaroni, na Time yumo ndani anatafuta kanga ya kuvaa bi mkubwa, akaingia Bi Mwanapili na ndoo yake.

"Nyie! Nini hiki?"

Palikuwa na Duni peke yake. "Ukuta," alisema.

"Ukuta nauona. Wa nini?"

"Wa wake wawili. Bi mkubwa atateka huku kwa kamba, bi mdogo kule kwa ngazi. Ili wasionane wakagombana."

Bi Mwanapili alishika kifua. "Mama yako analijua jambo hili?"

"Ndiye aliyetwambia."

"Alipokwambieni alilia?"

Duni alifikiri. "Alicheka."

"Maskini! Kicheko hicho nakijua. Na mawe haya ya nani?"

"Ya baba."

Bi Mwanapili aliiweka ndoo chini, tupu. Sasa yote yalimpambazukia: mawe yaliyokaa miaka saba bila kujengwa, chumba cha pili ambacho siku zote alijiuliza ni cha nani, na mume anayeshinda Mkoani siku tano kwa wiki. Ngwali kaoa! Na kwa kuwa ni fundi, na fundi huanza na msingi, kaanza na kisima.

Akatoka mbio, ndoo kaiacha pale pale.

Alasiri bi harusi alikuwa wa Mkoani. Magharibi alikuwa amevuka maji, yuko Makoongwe, binti wa mvuvi, mweupe. Lakini khabari ni kama kuku. Jua likitua hurudi nyumbani. Ilipoadhiniwa Isha khabari ile ilikuwa imesharudi Wawi na kutua kwa Bi Umkulthum, mjane wa watu, mnene, mtaratibu, ambaye Jumatatu alionekana kwa macho akitoka kwa Ngwali na ungo. Aliazima ungo. Lakini kwani bi harusi haazimi ungo?

Bi Mize aliporudi kutoka Madungu akaukuta ukuta, alishika kwanza mwimo wa mlango, kisha akawashika watoto, mmoja, wawili, watatu. "Nani kaanguka ndani?"

"Hapana ntu, mama."

"Nani karibia kuanguka?"

"Hapana. Ukuta wenyewe wazuia ntu kuanguka," alisema Jaribu, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Bi Mize alinyanyua mchi aubomoe. Akautazama. Ulikuwa umenyooka kuliko ukuta wa nyumba yake. Mkono ukakataa kushuka. Mwalimu Hija akiuona huu, alijiambia, ataulizaje tena miaka? Akaurudisha mchi mahali pake. Ukuta ukae mpaka Ijumaa.

Na hapo ndipo alipokosea, mama wenzangu. Kazi ya mtoto ibomoe siku ile ile.

Alkhamisi wanawake walikuja kumpa pole, wawili wawili, na vyungu vya futari, muhogo uliopikwa kwa nazi. Bi Mize alidhani ni pole ya msiba wa Madungu, akashangaa jinsi walivyompenda mjomba wa mama yake.

"Subiri, mwanangu," alisema Bi Mwanapili, machozi yakimlenga. "Ndiyo dunia."

"Tumeshasubiri, bibi. Alikuwa keshachoka."

"Kachoka? Na miaka kumi na miwili tu ya ndoa?"

"Tena alizikwa na watu wengi," alisema Bi Mize, ambaye mawazo yake yalikuwa kwenye mtihani.

Wanawake wakatazamana. Walipofika njiani Bi Mwanapili akawaambia wenziwe kwamba akili imeanza kumtoka yule, na kesho lazima wote wawepo, maana Ngwali kaleta salamu kwamba wiki hii anakuja Ijumaa baada ya sala, na haji peke yake. Anakuja na mwalimu. Mwalimu wa nini kama si wa kuozesha?

Ijumaa, basi. Ngwali alisali Chake Chake, akapanda Wawi na Mwalimu Hija, mtu mrefu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, kitabu cha mtihani kwapani. Ngwali aliona ajabu moja tu: kila mwanamume aliyempita alimpa mkono, akaubana kidogo, akatikisa kichwa. Alipofika kwake akakuta wanawake wamejaa uani, wamekaa kama wanaongoja mvua.

"Assalamu aleikum," alisema Ngwali.

Hakuitikiwa ila na watoto wake. Bi Mize alitoka jikoni, kanga safi. Aliwaona wanawake akaona wamekuja kutazama mtihani, na viganja vyote viwili vikamwasha. Ngwali akageuka, akakiona kisima.

"Nani kajenga hii?"

"Mtu kajenga mwenyewe kisha auliza!" alisema Bi Mwanapili. "Ngwali, mwanangu, miye nimekutahirishia watoto na nimemzalisha mkeo. Kuoa si kosa. Dini imeruhusu. Lakini ukuta! Ukuta kisimani, mkeo atembee akiuona kila asubuhi!"

"Kuoa?" alisema Ngwali. "Nani kaoa?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa ua ukabishwa hodi, akaingia Bi Umkulthum, buibui jipya, mkungu wa ndizi kichwani. Aliutua. Akaukagua ukuta upande huu, akazunguka akaukagua upande ule. Akazitazama zile ngazi nne kwa muda mrefu.

"Bwana Ngwali," alisema kwa upole, "nimesikia khabari kwa watu, si kwako, na hilo nimelisamehe. Miye ni mjane, sina wa kunikataza. Sikatai. Lakini ngazi siziwezi. Magoti haya hayana kazi hiyo. Bi Mize bado kijana. Yeye apande ngazi, miye nipewe kamba."

Ua mzima ukamgeukia Bi Mize.

Sasa Bi Mize alijua, kama anavyolijua jina lake, kwamba ukuta ule kaujenga Jaribu kwa somo la Jumanne. Akili ilijua. Moyo haukungoja akili. Miaka yote ulikuwa umejizoeza kuamini mabaya mapema, na baya hili lilikuwa limeingia kwa miguu yake, na ndizi juu.

"Baba Time!" alisema, sauti imekatika. "Umemtaka?"

"Nimtake nani? Miye nimemleta Mwalimu!"

"Ndiyo, mwalimu wa kuozesha!" walisema wanawake kwa pamoja.

"Mimi?" alisema Mwalimu Hija. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa kaozesha darasa la nne na darasa la tano kwa mtihani wa kuhamia, si zaidi. "Mimi nimekuja kutahini historia. Watoto wako wapi?"

Watoto wakasimama mbele yake. Mwalimu alifungua kitabu, kwani huenda kitabu kingerudisha adabu uani pale, akauliza mwaka wa kwanza. Time akaugeukia mlango wa jiko, mkaa umeshafutika. Akauliza wa pili. Jaribu akatazama vidole vya miguu. Akauliza wa tatu, na Duni akasema, "Sijui," kwa heshima zote. Ngwali akainamisha kichwa. Bi Mize alisikia injini ya lori, ingawa njia ilikuwa tupu. Mume anakwenda, na watoto wanakwenda, wote kwa siku moja, na ndizi ziko uani.

Mwalimu Hija alikuwa mtu wa haki. Akakifunga kitabu, akaashiria kisima. "Haya. Ukuta huu kaujenga nani, na kwa nini?"

Time akafumbua kinywa, na historia ikatoka kama maji. Akamtaja Mkama Ndume, akaitaja Pujini, akawataja wake wawili na mitungi yao. Akasema kwamba haya ni masimulizi ya wazee na kwamba magofu yapo, lakini mambo ya zamani mtu hayashiki yote kwa uhakika. Akaivaa kanga ya bi mkubwa, akateka ndoo, akamsonya mke mwenza kupitia ukutani. Duni akapanda ngazi nne, akafika juu, akakosa pa kwenda, akashuka, akasonya naye. Jaribu akaeleza boriti, kipimo cha chokaa, na kwa nini wa Pujini ulijengwa kutoka chini na wake ulianzia juu. "Wa kutoka chini mama angenipiga," alisema.

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, wa pili akamfuata, na ua wote ukalipuka. Bi Mwanapili alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Mwanapili!" walimpigia kelele. "Ni weye uliyesema!"

"Miye nimemuuliza mtoto, kanijibu!"

"Ulimuuliza mke wa nani?"

"Hilo," alisema Bi Mwanapili ndani ya kanga, "sikuliuliza."

Ngwali hakuwa akiwasikia. Alikuwa amepiga magoti kisimani, anapitisha kiganja juu ya ukuta kama anayempapasa ng'ombe mzuri. "Umenyooka," alimwambia Jaribu polepole. "Mwanangu, huu umenyooka."

"Kwa hiyo siolewi?" aliuliza Bi Umkulthum.

"Huolewi, bibi," alisema Ngwali. "Tuwie radhi sana."

"Si kitu. Basi nipeni mkungu wangu."

Mwalimu Hija aliandika maneno mawili kitabuni. "Wamepita," alisema. "Nimesomesha miaka ishirini na moja, sijapata jibu refu hivi. Ngwali, ahadi ni ahadi. Wakae nyumbani."

Vigelegele vikapigwa. Bi Mize alisimama katikati yake, kashinda, mume wake ni wake, watoto wake ni wake, hakuna njia wala mteremko wala magunia. Machozi yalimtoka, ya furaha safari hii, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakukuwa na kitu cha kuogopa. Alikitafuta, hakukiona.

Jaribu akanyanyua kidole.

"Mwalimu, usiende. Bado somo la Wareno."

"Somo gani hilo?"

"Mama jana katwambia wazee husema mchezo wa ng'ombe tuliachiwa na Wareno. Tukaona tukufanyie. Yuko tayari."

"Nani yuko tayari?" aliuliza Bi Mize.

Nyuma ya jiko kitu kizito kikavuta pumzi. Wote wakageuka. Kulikuwa na mpapai pale, mwembamba, na mpapai huo ulikuwa ukiinama, ukisimama, ukiinama. Kwenye shina lake, kwa kamba ya kuanikia nguo, alifungwa dume la Mzee Mjaka, lile linalochezwa na vijana wa kuchaguliwa, linalotajwa kwa jina mpaka Wete. Na mbele ya dume, mahali alipochorewa duara kwa chokaa, alikuwa keshafika Duni, amejifunga kanga nyekundu ya mama yake kuanzia kwapa mpaka vifundoni, ametulia, anangoja.

"Jaribu kasema miye ndiye Mreno," alieleza, kwani alikuwa ameulizwa kwa macho, "kwa sababu nakimbia sana."

Mpapai ukakatika.

Nani alipita wapi haijulikani mpaka leo. Wanawake waliosema miguu inawauma walionekana juu ya rundo la mawe. Mwalimu Hija alijikuta upande wa bi mdogo, juu ya ngazi ya nne, kitabu kichwani. Bi Mize hakupiga hata ukelele. Mwanamke aliyetetemeka kwa kila nazi alipita mbele ya pembe zile kama anayepita mbele ya mlango, akamkwapua Duni mzima mzima na kanga yake, akamrusha kwa Ngwali juu ya ukuta. Dume likamtazama. Likaona hapana mchezo. Likageuka, likaukuta mkungu wa Bi Umkulthum, likaanza kula kwa utaratibu, moja moja, na lilikuwa kwenye ya nne au ya tano Mzee Mjaka alipotokea mlangoni, anapumua, akiuliza kama kuna mtu kaliona ng'ombe lake.

Aliondoka nalo. Wanawake wakashuka. Hakuna aliyecheka sasa.

Bi Mize alikuwa amekaa chini, Duni mapajani, anampapasa kichwa, mkono, mguu, kichwa tena.

"Mwalimu," alisema. "Skuli inafunguliwa saa ngapi?"

"Kesho saa moja. Kwa nini, bibi?"

"Nawaleta."

"Mama Time," alisema Ngwali, "wamepita! Umeshinda!"

"Nimeshinda. Saa moja."

Mwalimu Hija alishuka ngazi nne taratibu, akiwa ameshika ukuta. Alimtazama Time. Alimtazama Duni. Alimtazama Jaribu muda mrefu zaidi, na Jaribu alikuwa amechuchumaa anakagua shina la mpapai, anapima kwa shubiri ulikatikia wapi.

"Wote watatu?" aliuliza.

"Wote watatu," alisema Bi Mize. "Na historia, Mwalimu wangu, nakuomba kwa heshima yako na ya wazee wako: wafundishe kwa kitabu."